Kasi Mpya ya Intaneti Imeninyima Asilimia Kumi na Tatu za Mume Wangu

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Tenki la Maji.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu Inayotuhudumia.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA KASI YA INTANETI NYUMBANI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya, na kama una mwenzio, natumaini leo asubuhi mlikunywa chai mkiwa wawili. Mimi ni mteja wenu kwa muda wa miezi minne, na ni mke wa mtu kwa muda huohuo, maana ruta yenu tuliinunua siku ya tatu baada ya harusi. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa kidato cha pili alitufundisha kwamba barua rasmi isizidi ukurasa mmoja na isitaje mambo ya moyoni. Namheshimu sana. Ila hakutufundisha mtu afanye nini endapo mambo ya moyoni yameharibiwa na ofisi.

Kwanza nikueleze tunavyoishi. Mume wangu ni mchoraji wa ramani za nyumba. Anachorea hapahapa nyumbani, kwenye kompyuta, na kila jioni humtumia bosi wake, aliye mji mwingine, kazi ya siku hiyo. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kopi na uchapaji, narudi saa tisa na nusu, navua viatu mlangoni, na nikimwona ameinamia meza na penseli sikioni, moyo unaruka kama vile sikumwacha asubuhi akiwa na penseli hiyohiyo sikio hilohilo. Nakwambia haya mapema ili ujue unaandikiwa na mtu wa namna gani.

Siku tuliyoileta ruta, ile ndogo nyeupe ambayo unaitia laini ya simu kisha taa zake zinakuonyesha mtandao ulivyo, mume wangu alizunguka nayo nyumba nzima. Alikaa nayo chumbani kitambo kidogo, akaenda sebuleni, akafika hadi bafuni. Mimi nilikuwa natoa vyombo vya zawadi kwenye maboksi. Akarudi kwangu uso umemshuka. "Mke wangu, nimehangaika nayo. Inashika jikoni tu, pale dirishani."

Dirisha la jikoni linatazama tenki la maji la jirani, la chuma, kubwa kama chumba. Nilipendekeza tuiweke juu ya kabati la chumbani, maana pale ni juu. Akasema juu ya kabati kuna vumbi, na vumbi na ruta haviivi chungu kimoja. Yeye ndiye mwenye kujua mambo ya nyumba, kwa hiyo tukaiweka dirishani, juu ya kopo la unga, na yeye akawa anaishikilia kwa nyuma kwa mkono mmoja isianguke.

Iliwaka taa moja. Tukavuta benchi. Nikikaa kulia kwake, hata hiyo moja inazimika. Nikikaa kushoto, inarudi. Nikikaa kushoto na kuegemeza kichwa begani kwake, zinakuwa mbili. Na nikiegemea hivyo huku nimesimamisha sinia la alumini pembeni ya ruta, mume wangu akipitisha mkono wake mwingine mgongoni kwangu, zinakuwa tatu, ya tatu ikichezacheza. Mimi si mtu wa mitambo, Ndugu Meneja, lakini nina macho. Kampuni yenu ilikuwa inatoa mtandao kwa kadiri watu wanavyopendana. Nilijivunia kuwa mteja wenu. Dukani nilimwambia kila aliyekuja kutoa kopi.

Kwa mtandao ule, ramani moja ilichukua dakika arobaini kufika kwa bosi, na bosi aliridhika na ramani moja kwa siku. Kompyuta ilikuwa ikionyesha asilimia zinavyopanda, na sisi tumekaa, hatuwezi kuinuka, tukiinuka taa zinapungua. Mtu na mkewe wamekaa dakika arobaini bila pa kwenda watafanya nini? Wataongea.

Hapa naomba usome polepole. Mume wangu na mimi hatukupata muda wa kujuana. Nilimwona mara ya kwanza nyumbani kwa shangazi yangu, alipokuja na futi yake kupima mahali pa kuongeza chumba. Shangazi akaniambia pembeni, "Huyu kijana anapima mara mbili ndipo anaandika. Mtu wa hivyo hakuachi stendi." Miezi mitano baadaye tukaoana, na katika hiyo mitano, minne alikuwa safarini kwa kazi. Kwa hiyo niliolewa na mtu ninayempenda na nisiyemjua. Kila ninachokijua juu yake nimekijua kwenye lile benchi, faili likienda. Mimi mume wangu nimemjua kwa asilimia.

Kwenye asilimia kumi na nne aliniambia kwamba mpaka leo anaogopa bata, na kwamba sababu yake ni ndefu, atanieleza siku ya ramani ya ghorofa. Kwenye asilimia thelathini aliniambia kwamba chuoni alichora nyumba isiyo na mlango, mwalimu alipouliza watu wataingiaje akajibu wenye nyumba ni wembamba, watapita dirishani. Siku moja, kwenye asilimia hamsini na moja, umeme ulikatika, uliporudi tukaanza upya kutoka sifuri, na giza la saa kumi na mbili likiingia akanieleza habari za marehemu baba yake ambazo hakuwahi kumweleza mtu. Hizo sitaziandika hapa. Nataka tu ujue kwamba mtandao wenu ulikuwepo.

Na kila faili lilipofika mwisho, alikuwa akinibusu kwenye paji la uso na kusema, "Mia kwa mia." Ndilo jina langu humu ndani.

Kisha wifi yangu akaja kututembelea.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, na kazi yake ni kukagua mizani za madukani. Ni mwanamke mwema. Lakini hawezi kuona kitu kimepungua akanyamaza. Alitukuta benchini, mimi na sinia langu, akasimama akatutazama. "Nyinyi mnatuma faili au mnapigwa picha?" Mume wangu akamweleza hali ya mtandao. Wifi akachungulia dirishani. "Hapa mnalitazama tenki. Mnara uko nyuma yenu." Nikamweleza kwa upole kwamba ndugu yake alishapima nyumba nzima. Akasema, "Kapima na nini? Huu mtandao mmepunjwa." Akatoka kwenye veranda akapiga simu ofisini kwenu, na sauti yake nadhani mnaikumbuka.

Kesho yake fundi wenu akafika, mtu mzima, na ngazi na mkanda wa vifaa. Akaitazama ruta. Akalitazama tenki. Akamtazama mume wangu. "Nani alichagua hapa?" Mume wangu akakohoa, akaniambia, "Mke wangu, hebu mpikie fundi chai," akamshika fundi mkono wakatoka nje. Nikawasikia wananong'ona, halafu fundi akacheka mpaka vyuma vya mkanda wake vikagongana. Aliporudi alikuwa anafuta macho. Akaniambia, "Shemeji, nyumba hii ina mtu." Nikaona kampuni yenu inaajiri watu wachangamfu.

Naamini angekunywa chai yake akaenda zake bila kugusa kitu. Lakini wifi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja, vile anavyosimama mbele ya mizani. "Fundi, unaondoka na ngazi haijapanda?" Basi akapanda, akafunga antena juu ya paa, akashusha waya hadi chumbani, ruta ikahamishiwa huko. Zikawaka taa zote tano. Wifi akapiga makofi. Mume wangu naye akapiga, mawili, la tatu likamwishia mkononi.

Tangu siku hiyo ni wiki tatu, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo, kwa namba.

1. Ramani inakwenda kwa sekunde tisa. Nimezihesabu mwenyewe. Ndani ya sekunde tisa mtu anaweza kusema nini kuhusu maisha yake? Juzi mume wangu alijaribu. Akasema, "Nilipokuwa darasa la nne," na faili likafika.

2. Kichwa changu hakina pa kukaa. Mtasema tukakae benchini hata bila faili, na sisi tulifikiria hivyo. Tulikaa jioni moja, tumetazama tenki kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Akauliza, "Sasa tuongee nini?" Nikasema, "Chochote." Ndugu Meneja, ile ndiyo jioni niliyoamua kuandika.

3. Sinia limerudi kubebea vikombe. Hili ni dogo, ninalitaja kwa sababu lilikuwa la zawadi.

4. Bosi amebadilika. Alikuwa mtu mwenye subira. Sasa ameona ramani zinafika kabla hajaweka simu chini, anataka nne kwa siku, na katikati yake anataka vikao vya kuonana uso kwa uso kwenye kompyuta. Mume wangu anakaa chumbani kwetu, juu amevaa shati na tai, chini bukta. Jana aliambiwa asimame aonyeshe ramani ukutani. Sitaendelea.

5. Mama mkwe. Zamani akitupigia simu ya picha, sura yake ilikuwa inaganda, na mara nyingi ilimgandia katikati ya tabasamu. Ningeweza kukaa na mama mkwe anayetabasamu dakika kumi na moja nikaendelea kupika, na nakuhakikishia hakuna mkwe aliyempenda mkwewe kama mimi. Sasa hagandi. Anaegemezwa kwenye chupa ya chai na anaona kila kitu, hadi unene wa vitunguu. "Mwanangu, hivyo unavikata au unavipasua kuni?" Anasema kwa mapenzi, na mimi nampenda, ila nilimpenda kwa utulivu zaidi alipokuwa hasogei.

6. Hili nimelileta mwisho ingawa ndilo lililonikalisha kitako. Jioni ile kabla ya fundi kuja, faili likiwa asilimia themanini, mume wangu alinibana kidogo, akasema, "Unajua siku niliyokuona kwa shangazi yako haikuwa mara ya kwanza kukuona?" Nikashtuka hadi sinia likalia. Nikamwambia, "Wapi tena?" Akacheka. Akaanza, "Ilikuwa mwaka mmoja kabla. Kulikuwa na foleni." Hapo ilikuwa asilimia themanini na saba. Wifi akaingia jikoni akauliza chumvi iko wapi. Mume wangu akaninong'oneza, "Nitakumalizia kesho." Na kesho yake mkatuletea antena.

Nimemwomba mara nyingi. Akianza chumbani, bosi anapiga. Akianza mezani, mama yake yuko kwenye chupa ya chai. Mara ya mwisho alisema hawezi kuisimulia hivihivi, kwamba hadithi yenyewe inataka mahali pake. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, kuna asilimia kumi na tatu za mume wangu ambazo nilikuwa nazipata kwa halali kupitia mtandao wenu, na hazijanifikia. Sijui kama zipo kwenye mnara.

Kwa sababu hizo naleta maombi yangu. Naomba kasi ya nyumba hii ishushwe hadi ramani moja ichukue dakika zisizopungua thelathini na tano. Jumamosi iwe saa nzima. Tarehe ya kukumbuka harusi yetu mtandao usiwepo kabisa, ila kwetu tu, kwa sababu jirani wa chini anasomea uuguzi kwa intaneti na sitaki mgonjwa aje kudhurika kwa ajili ya furaha yangu. Kama kushusha kasi kwa nyumba moja ni kazi ngumu, mnaweza kuweka tenki lingine.

Aidha nashauri muanzishe bando jipya, mliite Bando la Maharusi, la mtandao wa polepole wa uhakika. Mteja akipata kasi kubwa kwa bahati mbaya, apige simu, fundi aje na ngazi aipunguze siku hiyohiyo. Nimewauliza wateja wa dukani. Bi harusi mmoja yuko tayari kujiunga. Mama mmoja aliyeolewa miaka ishirini na sita iliyopita aliuliza kama kuna bando la kumfanya mumewe aongee hata kidogo tu, nikamwambia nitawaulizia.

Mwisho, naomba kampuni initafutie zile asilimia kumi na tatu, au inipe barua yenye mhuri inayomwamuru mume wangu kuzikamilisha. Kama haya yote yatashindikana, sitahama mtandao. Mnara wenu ndio ulionikutanisha na mume wangu baada ya ndoa, na mtu haachi mshenga wake kwa kosa moja. Nitakuja tu ofisini kwenu kila siku saa kumi na benchi langu.

Nisalimie fundi, na ngazi yake. Nisalimie dada anayesema "bonyeza moja" kwenye simu yenu, mwambie sauti yake ni nzuri na tunaomba aolewe mahali pema. Msalimie mlinzi wa mnara, na wote ulio nao ofisini, waliooa na wanaongojea. Mume wangu naye anawasalimu, ingawa hajui kama nimeandika.

Wako mteja mwaminifu, mwenye furaha pungufu ya kumi na tatu,

Mia kwa Mia
(mke wa mchoraji wa ramani)

Nyongeza baada ya sahihi:

Ndugu Meneja, sasa anajua. Nilimpa barua anisaidie kuangalia alama za mkato. Aliisoma akicheka hadi namba mbili. Namba mbili aliirudia. Alipofika namba sita akaketi sakafuni, akazima simu, akanimalizia.

Mwaka mmoja kabla ya kwa shangazi, alikuja dukani kwetu kutoa ramani aliyotumiwa kwa barua pepe. Mtandao wa duka ulikuwa umelala, foleni imefika barabarani, watu wameanza kununa. Anasema mimi nilikuwa naongea na kila mtu ili wasikasirike. Nilimuuliza mzee mmoja habari za jino lake, nikamsimulia mama mmoja nilivyounguza sketi ya shule kwa pasi. Zamu ya mume wangu ikafika, akamwambia aliye nyuma yake, "Pita tu, sina haraka." Alifanya hivyo mara nne. Kisha mtandao ukarudi, nami nikainamisha kichwa nikawa nagonga mihuri kama mashine. Nilimhudumia bila kumtazama usoni. Alitoka pale akijiambia, "Huyu ukitaka akuongeleshe, mpe mtandao mbovu."

Siku ya ruta, kule chumbani, juu ya kabati, taa zote tano ziliwaka. Bila antena, bila sinia, bila mimi. Aliitazama, akaizima, akaja kuiweka nyuma ya tenki. Nikamuuliza, "Na taa ya pili, ile ya begani?" Akasema ruta ina kipembe cha kunasia mtandao kwa nyuma, alikuwa anakiinua kwa kidole. Ya tatu pia.

Kwa hiyo mtandao wenu ulikuwa mzima tangu siku ya kwanza, na ninafuta malalamiko yote sita, isipokuwa la tano, ambalo mkiweza mlifanyie kazi kimyakimya. Kasi msiipunguze. Waya wa antena tumeuchomoa wenyewe, ruta imerudi juu ya kopo la unga, na bosi ataarifiwa kwamba mtandao wetu umekuwa mbaya tena, jambo ambalo si uongo, tumelifanya kwa mikono yetu.

Barua hii naituma kutoka hapohapo dirishani, nikiambatanisha ramani ya jiko letu na benchi, ambayo mume wangu ameichora kwa vipimo vyote, faili zito kweli. Ikichelewa kuwafikia, tafadhali msimtume fundi. Bado sijaelezwa habari za bata.